Silabi na Mkazo katika Vitenzi vya Kiitaliano: Mgawanyo wa Kalamu na Mgawanyo wa Ulimi

1.0 Utangulizi

Msomaji aliyelelewa katika tahajia ya Kiswahili huiendea lugha ya Kiitaliano akiwa na matumaini makubwa, na kwa kiasi fulani matumaini hayo yana msingi. Lugha hizi mbili, ijapokuwa hazina unasaba, zinafanana kwa mambo kadhaa ya nje. Irabu hutamkwa waziwazi, maneno mengi huishia kwa irabu, na uhusiano wa herufi na sauti ni wa karibu zaidi kuliko ule wa Kiingereza au Kifaransa. Bila shaka hali hii imewasaidia wakazi wa Malindi, Watamu na pwani ya mashariki ya Unguja, ambako watalii kutoka Italia wamekuwa wakifika kwa miaka mingi, kujipatia Kiitaliano cha mazungumzo bila ya kuketi darasani.

Matatizo huanza kwenye kitenzi. Anayesema verremo amesema 'tutakuja', na anayesema verremmo amesema 'tungekuja'. Kwa sikio la Mswahili maumbo haya mawili ni neno moja lililoandikwa kwa namna mbili. Kwa Mwitaliano, la kwanza ni ahadi na la pili ni udhuru wa mtu ambaye pengine hatakuja kabisa. Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa viambishi viwili visivyoweza kuchanganywa, -ta- na -nge-. Kiitaliano hutegemea urefu wa konsonanti moja, yaani mahali ambapo silabi moja inafungwa na nyingine inaanza.

Kwa sababu hiyo suala la silabi katika lugha hii haliwezi kuachwa kama jambo la wapiga chapa. Hata hivyo vitabu vingi vya kufundishia hufanya hivyo hasa: hutoa orodha ya kanuni za kulikata neno mwishoni mwa mstari, kisha mwanafunzi huachwa aamini kwamba amefundishwa namna neno linavyogawanyika kinywani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba migawanyo hiyo ni miwili, wa kalamu na wa ulimi, na kwamba ushahidi wa mgawanyo wa ulimi umo ndani ya majedwali ya vitenzi ambayo mwanafunzi huyakariri bila ya kuyauliza maswali.

Katika mifano, kistari (-) kinaonyesha mpaka wa silabi, na alama (`) juu ya irabu inaonyesha mkazo tu, si ubora wa irabu. Waitaliano wenyewe katika maandishi ya kawaida hulazimika kuandika alama ya mkazo pale tu neno la silabi zaidi ya moja linapokuwa na mkazo katika silabi ya mwisho, pamoja na maneno machache ya silabi moja, kama vile è 'ni', dà 'anatoa' na può 'anaweza'. Kwingineko msomaji sharti alijue neno kabla ya kulisoma.

2.0 Mgawanyo wa kalamu

Kanuni za maandishi si ngumu. Konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huenda na irabu inayofuata: à-mo 'ninapenda', vè-de 'anaona'. Konsonanti iliyoandikwa mara mbili hukatwa katikati: lèg-go 'ninasoma', càd-de 'alianguka', na cq huhesabiwa vivyo hivyo: nàc-que 'alizaliwa'. Herufi l, m, n na r zikifuatwa na konsonanti nyingine hubaki nyuma: pàr-lo 'ninasema', càn-to 'ninaimba', dòr-mo 'ninalala'. Kipasuo kinachofuatwa na l au r hakitenganishwi nacho: à-pro 'ninafungua', rè-pli-co 'ninajibu'. Herufi s inayofuatwa na konsonanti huenda mbele pamoja nayo: rè-sto 'ninabaki', fi-nì-sco 'ninamaliza'. Jozi za herufi zinazowakilisha sauti moja hazigawanywi: sò-gno 'ninaota', sbà-glio 'ninakosea', là-scio 'ninaacha'.

Kuhusu irabu, a, e na o zikikutana hubaki silabi mbili, kama katika crè-o 'ninaumba'. Herufi i na u zisipokuwa na mkazo huungana na irabu jirani na kuwa silabi moja, kama katika pià-ce 'inapendeza'. Zikiwa na mkazo husimama peke yake, kama katika in-vì-o 'ninatuma'. Hapa tayari kuna jambo la kuangaliwa. Vitenzi studiare 'kusoma, kudurusu' na inviare 'kutuma' huishia kwa herufi zilezile, lakini nafsi ya pili umoja ya cha kwanza ni studi, kwa i moja, na ya cha pili ni invii, kwa i mbili. Hakuna kinachoeleza tofauti hiyo ila mkazo. Katika stù-dio herufi i haina mkazo, nayo humezwa na kiambishi -i. Katika in-vì-o ina mkazo, na irabu yenye mkazo haimezwi. Vilevile scì-o 'ninateleza thelujini' ina silabi mbili, ilhali herufi i ya là-scio haina sauti yoyote. Imewekwa tu ili sc isomwe kama sh yetu.

Jambo hili la mwisho linahusu pia c na g, ambazo hubadilika kufuatana na irabu inayofuata. Leggo ina g kama ya gari, lakini leggi 'unasoma' ina sauti iliyo karibu na j ya Kiswahili. Vinco 'ninashinda' ina k, vinci 'unashinda' ina ch. Cresco 'ninakua' ina sk, cresci 'unakua' ina sh ndefu. Anayeijua mpishi kutokana na pika hatashangazwa na k inayobadilika mbele ya i. Kinachoweza kumshangaza ni kwamba vitenzi vya kundi la -are vinakataa badiliko hilo: pago 'ninalipa', paghi 'unalipa', ambapo h huingizwa katika maandishi ili kuilinda g. Kwa hiyo badiliko hili si la sauti peke yake. Kundi la kitenzi nalo lina neno lake.

Kanuni hizi zote zinatosha kwa mpiga chapa. Kwa Mswahili zina hatari maalumu kwa kuwa katika lugha yake mwenyewe migawanyo miwili tunayoizungumzia hulingana karibu kila mahali. A-na-so-ma hukatwa vivyo hivyo kwa kalamu na kwa ulimi, m-tu pia, na hata maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyotuletea silabi funge, kama vile mak-ta-ba, kar-ne na lab-da, hayana utata. Hana sababu ya kushuku kwamba kwingine kalamu inaweza kusema jambo moja na ulimi jingine.

3.0 Silabi funge isiyoonekana

Tuangalie jedwali la wakati uliopo la kitenzi venire 'kuja':

(1) vèn-go, viè-ni, viè-ne, ve-nià-mo, ve-nì-te, vèn-go-no

Mzizi unajitokeza mara kama ven- na mara kama vien-. Vitabu vingi huita kitenzi hiki 'cha kombo' na kumtaka mwanafunzi akikariri. Lakini ukombo huu una mpango. Katika lugha ya Toscana, ambayo ndiyo msingi wa Kiitaliano sanifu, e fupi na o fupi za Kilatini ziligeuka kuwa ie na uo pale masharti mawili yalipotimia kwa pamoja: silabi iwe na mkazo, na silabi hiyo iwe huru, yaani iishie kwa irabu. Katika vie-ni na vie-ne masharti yote mawili yapo. Katika ve-nia-mo na ve-ni-te silabi ya kwanza ni huru lakini haina mkazo. Katika ven-go na ven-go-no ina mkazo, lakini imefungwa na n. Mpango huohuo unaonekana katika muò-re 'anakufa', ikilinganishwa na mo-rì-re 'kufa' na mòr-to 'aliyekufa'. Katika cuò-ce 'anapika' na còt-to 'kilichopikwa'. Na katika muò-ve 'anasogeza' na mòs-so 'kilichosogezwa'.

Kwa maneno mengine, irabu ya mzizi imekuwa shahidi. Tukiiona ie au uo tunajua kwamba silabi ilikuwa huru na yenye mkazo. Tukiikosa mahali penye mkazo, tunapaswa kuuliza ni kitu gani kimeifunga silabi. Sasa tutazame volere 'kutaka', kwa mgawanyo wa kalamu:

(2) vò-glio, vuòi, vuò-le, vo-glià-mo, vo-lè-te, vò-glio-no

Kwa mujibu wa kalamu, silabi ya kwanza ya vo-glio ina mkazo nayo ni huru. Tungetarajia kupata vuoglio, umbo ambalo halipo. Linganisha na potere 'kuweza': pòs-so, puòi, può, pos-sià-mo, po-tè-te, pòs-so-no. Majedwali haya mawili yanakwenda sambamba hatua kwa hatua. Pale ambapo posso ina silabi iliyofungwa waziwazi na s ya kwanza, voglio inatenda kana kwamba imefungwa pia. Na kweli imefungwa. Sauti inayoandikwa gl, ambayo ni kitambaza kinachotamkwa kwa ulimi kugusa kaakaa gumu, ni ndefu kila inapokuwa kati ya irabu mbili, ingawa tahajia haina njia ya kuiandika mara mbili. Nusu yake ya kwanza hufunga silabi ya nyuma na nusu ya pili hufungua ya mbele. Maneno yasiyo vitenzi yanatoa ushahidi uleule: meglio 'afadhali' na foglia 'jani' yana e na o zilizokuwa fupi katika Kilatini, na wala hatupati mieglio wala fuoglia.

Hali ni hiyo pia kwa gn, ambayo iko karibu na ny yetu lakini ni ndefu, na kwa sc mbele ya e na i. Katika Kitoscana cha kale yalikuwako maumbo vegno na tegno yenye maana ya 'ninakuja' na 'ninashika', badala ya vengo na tengo za leo. Nayo hayakuwa na ie. Kitenzi sedere 'kuketi' kinatuwekea ushahidi wa pande zote mbili katika nafsi moja, kwa kuwa 'ninaketi' ni siè-do katika lugha ya kawaida na sèg-go katika lugha ya fahari: silabi huru ina ie, silabi funge haina.

Sehemu yenye ubishi zaidi ni s inayofuatwa na konsonanti. Kalamu inasema rè-sto. Wapo watakaoitetea kwa hoja kwamba maneno ya Kiitaliano huweza kuanza na st, sp, sk, na kwa hiyo mfuatano huo unaweza kuanza silabi popote. Mimi sioni kwamba hoja hiyo inatosha. Kwanza, irabu yenye mkazo katika silabi huru isiyo ya mwisho hurefushwa katika matamshi ya Kiitaliano, nayo katika silabi funge hubaki fupi. E ya resto ni fupi. Pili, kibainishi cha kiume ni il mbele ya konsonanti nyingi lakini ni lo mbele ya s yenye konsonanti: il tavolo 'meza', lakini lo studente 'mwanafunzi'. Lugha inadai irabu mbele ya s hiyo ili s ipate mahali pa kuegemea. Tatu, costa 'inagharimu' haina uo. Kihispania, ambacho hugeuza irabu hizo hata katika silabi funge, kina cuesta kama kilivyo na muerto; Kiitaliano kina costa kama kilivyo na morto. Ulimi basi unasema res-to, cos-ta, fi-nis-co, hata kama kalamu itaendelea kuandika vingine, na haina ubaya kufanya hivyo mradi isijifanye mwalimu wa matamshi.

Ni lazima niongeze tahadhari. Kanuni ya ie na uo si kanuni hai katika lugha ya leo. Ni alama ya kanuni iliyokuwa hai. Baada ya konsonanti inayofuatwa na r, irabu hizo zilirudi kuwa moja: leo tuna prega 'anaomba' na trova 'anapata', ambazo Kifiorentina cha kale kilizisema priega na truova. Vitenzi vingine vimesawazisha mzizi kote: sarufi za zamani zilidai soniamo 'tunapiga muziki' kwa kuwa mkazo umehama, lakini watu husema suoniamo. Na nuotare 'kuogelea' hushikilia uo katika kila nafsi, jambo linalokiepusha kugongana na notare 'kutambua'. Mwanafunzi asiitumie kanuni hii kuundia maumbo mapya. Aitumie kuelewa yale aliyoyakariri.

4.0 Urefu wa konsonanti

Tukishakubali kwamba konsonanti ndefu iko katika silabi mbili kwa wakati mmoja, jozi zifuatazo za mlinganuo finyu huacha kuwa mambo ya tahajia:

(3) cà-de 'anaanguka' : càd-de 'alianguka'
bè-ve 'anakunywa' : bèv-ve 'alikunywa'
can-te-rè-mo 'tutaimba' : can-te-rèm-mo 'tungeimba'
ve-drè-mo 'tutaona' : ve-drèm-mo 'tungeona'

Katika kila jozi tofauti haimo katika konsonanti peke yake. Irabu ya ca-de hurefushwa kwa sababu silabi ni huru. Ya cad-de hufupishwa kwa sababu silabi imefungwa. Muda unaonyang'anywa irabu hupewa konsonanti. Mswahili aliyezoea kurefusha kidogo irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho huifanya kazi ya cade vizuri bila ya kufundishwa, na huiharibu cadde kwa sababu hiyohiyo. Akiambiwa 'ikaze d' huikaza d na kuiacha irabu ikiwa ndefu, na msikilizaji hubaki hajui lililokusudiwa. Shauri langu kwa walimu ni kuanza na irabu: ikatwe ghafla, na konsonanti itajirefusha yenyewe.

Kosa jingine huja kwa mm na nn. Kiswahili kina m-me na n-ne, na mtu angefikiri kwamba hapo tumeshapata daraja. Daraja hilo linapotosha. Nazali ya kwanza katika mme ni silabi kamili, nayo ndiyo hubeba mkazo kwa kuwa ni ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi anayeivusha tabia hiyo huisema cantammo 'tuliimba' kwa silabi nne, can-ta-m-mo, na mkazo juu ya m. Umbo hilo lina silabi tatu tu: can-tàm-mo. Msaada ulio bora uko kwa wale waliopitia chuoni na kufundishwa kusoma Kiarabu, maana wameshazoezwa kuishikilia konsonanti yenye alama ya shadda bila ya kuigeuza kuwa silabi. Inafaa kukumbuka hapa, kwa wanaoshughulika na istilahi, kwamba neno hilohilo shadda tumelichukua katika isimu ya Kiswahili na kulitumia kwa maana ya mkazo. Atakayeeleza fonolojia ya Kiitaliano kwa Kiswahili atayahitaji mambo yote mawili katika sentensi moja, na ndiyo sababu katika makala haya nimetumia mkazo peke yake.

Chanzo cha tofauti ya canteremo na canteremmo ni cha kimofolojia. Njeo ya wakati ujao katika Kiitaliano iliundwa kwa kuunganisha kitenzi-jina na maumbo ya wakati uliopo ya kitenzi chenye maana ya 'kuwa na': cantare + ho ikawa canterò, kama kwamba tungesema 'nina kuimba'. Nafsi ya kwanza wingi ilitokana na habemus ya Kilatini, iliyokuwa avemo katika lugha ya kale, yenye m moja. Hali ya masharti iliundwa kwa kitenzi kilekile katika wakati uliopita, habuimus, iliyokuwa avemmo, yenye m ndefu. Ndiyo kusema 'tuna' na 'tulikuwa na' zimejificha ndani ya mwisho wa kitenzi, na kinachozitenga ni mpaka wa silabi.

5.0 Mkazo unaoganda na mkazo unaohama

Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa kwa maneno machache kama barabara yenye maana ya 'sawasawa', ambayo husemwa kwa mkazo wa silabi ya tatu kutoka mwisho na hivyo kutengwa na barabara ya kupitia. Kitenzi hakina msamaha wowote: pì-ga, pi-gà-na, pi-ga-nì-sha. Mkazo hutembea kila mzigo unapoongezwa nyuma. Katika Kiitaliano mzigo unaweza kuongezwa na mkazo usitikisike:

(4) fàb-bri-ca 'anatengeneza'
fàb-bri-ca-no 'wanatengeneza'
fàb-bri-ca-me-lo 'nitengenezee hicho'

Umbo la mwisho lina mkazo katika silabi ya tano kutoka mwisho. Kilatini kisingeruhusu jambo hilo, kwa kuwa mkazo wake haukuvuka silabi ya tatu kutoka mwisho. Hàbitant 'wanakaa' ilikuwa na silabi tatu na ilitii sheria. Kiitaliano kilipopoteza t ya mwisho na kuongeza irabu o, umbo likawa à-bi-ta-no, silabi nne, lakini mkazo ulibaki mahali pake. Kanuni ya kufundishia inayotokana na historia hii ni fupi: nafsi ya tatu wingi hufuata mkazo wa nafsi ya tatu umoja. Anayejua te-lè-fo-na 'anapiga simu' amekwisha kujua te-lè-fo-na-no. Kosa la wanafunzi wetu, telefonàno, ni Kiswahili kitupu katika vazi la Kiitaliano.

Nafsi ya kwanza na ya pili wingi hufanya kinyume. Mkazo huacha mzizi na kwenda kwenye mwisho: à-bi-to 'ninakaa', lakini a-bi-tià-mo 'tunakaa', a-bi-tà-te 'mnakaa'. Ni kuhama huku ndiko kulikozaa venite badala ya vienite katika sehemu ya tatu hapo juu. Vitenzi kama finire hukwepa tatizo lote kwa kuingiza -isc- katika nafsi zile ambazo mkazo ungeangukia mzizi. Kwa njia hiyo fi-nì-sco, fi-nià-mo na fi-nì-te zote zina mkazo baada ya mzizi. Vitenzi-jina vya kundi la -ere havina rehema kama hiyo: ve-dè-re 'kuona' na te-mè-re 'kuogopa' vina mkazo kwenye mwisho, lèg-ge-re 'kusoma' na prèn-de-re 'kuchukua' vina mkazo kwenye mzizi, na hakuna herufi inayomwonya msomaji.

Mkazo wa silabi ya mwisho nao una historia yake. Cantavit ya Kilatini ilifupika kuwa cantaut, kisha cantò 'aliimba': silabi iliyofuata ilipotea na mkazo ukabaki ukingoni. Tokeo la mambo haya yote ni utatu kama huu:

(5) càpito 'ninatokea ghafla', capìto 'lililofahamika', capitò 'lilitokea'
pèrdono 'wanapoteza', perdòno 'ninasamehe', perdonò 'alisamehe'

Katika maandishi ya kawaida maumbo mawili ya kwanza katika kila mstari hayana tofauti yoyote. Mtafsiri anayekuta perdono katika sentensi isiyo na kiwakilishi cha nafsi sharti aamue kutokana na muktadha kama watu wanapoteza au mtu mmoja anasamehe, nami nimepata kuona tafsiri ambamo aliyesamehe aligeuzwa kuwa kundi la waliopoteza. Waitaliano wenyewe waliona haja ya kamusi ya tahajia na matamshi, iliyotungwa na Migliorini, Tagliavini na Fiorelli na kutolewa mwaka 1969 na shirika la uchapishaji la redio na televisheni ya taifa, kwa kuwa msomaji wa habari haruhusiwi kubahatisha.

6.0 Mpaka wa neno

Mpaka sasa tumebaki ndani ya neno. Lakini ulimi hauheshimu nafasi iliyoachwa na kalamu kati ya maneno. Katika matamshi ya Toscana, Roma na kusini, neno lenye mkazo katika silabi ya mwisho hurefusha konsonanti inayoanza neno linalofuata: cantò bene 'aliimba vizuri' hutamkwa can-tòb-bè-ne, è vero 'ni kweli' hutamkwa èv-vè-ro. Kaskazini mwa Italia jambo hili kwa kawaida halipo, na mwanafunzi aliyefundishwa na mtu wa Milano hatalisikia.

Sababu yake inatufungamanisha na tuliyoyaona. Silabi yenye mkazo katika Kiitaliano hutaka uzito. Ndani ya neno huupata kwa kurefusha irabu, kama katika ca-de, au kwa kufungwa, kama katika cad-de. Irabu ya mwisho wa neno hairefushwi, hivyo hubakia njia moja tu, nayo ni kuazima konsonanti ya jirani. Maelezo haya hayatoshelezi maneno yote, kwa kuwa a 'kwa, kwenye' na e 'na', yasiyo na mkazo, hufanya vivyo hivyo. Hayo yalitokana na ad na et za Kilatini, na konsonanti iliyopotea katika maandishi bado inadai nafasi yake katika matamshi.

Mahali pamoja kalamu imelazimika kukiri. Viwakilishi vinapoambatishwa kwa vitenzi vya kuamuru vya silabi moja, konsonanti huandikwa mara mbili: da' 'toa' na mi hufanya dammi 'nipe', di' 'sema' na mi, dimmi 'niambie', fa' 'fanya' na lo, fallo 'kifanye', va' 'nenda' na ci, vacci 'nenda huko'. Mwanafunzi mwangalifu huuliza mara moja kwa nini da' na gli hufanya dagli 'mpe', bila ya kuongezwa herufi, na vitabu humjibu kwamba hiyo ni ila ya kanuni. Si ila. Ni gl ileile ya voglio, ambayo ni ndefu tangu mwanzo, na silabi ya kwanza ya dagli imefungwa sawasawa na ile ya dammi.